Matofali Matamu

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa. Leo nimekuwa mjenzi.

Mwenye chumba anachoshonea mke wangu amemtaka atoke ifikapo tarehe ishirini na moja. Anamweka kinyozi. Mke wangu ana vyerehani viwili na oda ya sare za shule nzima, na pa kwenda hana. Nimemwambia asijali, nitamjengea chumba nyuma ya nyumba kwa mikono yangu mwenyewe. Akauliza mikono ipi. Sikuipenda sauti ile.

Yeye alitaka tumwite jirani, yule anayefyatua matofali ya saruji yenye chenga za plastiki. Mimi humwita Bwana Vipimo. Hachanganyi kitu bila ndoo na kijidaftari. Eti chenga zinachukua nafasi ya sehemu ya mchanga, chupa zinapungua mitaroni, na tofali linakuwa jepesi. Mtaa mzima unamsifu. Kwani ni uchawi? Nimemchungulia juu ya uzio asubuhi nzima. Ndoo tisa za mchanga, ndoo moja ya chenga. Moja! Mwoga yule.

Mimi natia nne.

Jumanne, 3 Juni

Kwa mnunuzi wa chakavu. Anasaga chupa kwa mashine. Chenga zake ni za aina mbili: zilizooshwa na zisizooshwa. Nikauliza zilizooshwa zimeongezewa nini. Akasema hazijaongezewa kitu, zimepunguziwa uchafu. Nikacheka sana. Ukuta hauliwi, bwana. Nimechukua magunia tisa ya zisizooshwa, zote chupa za soda.

Zinanata vidoleni. Vizuri mno, maana zitashikana na saruji zenyewe. Na Bwana Vipimo, na kijidaftari chake, anaziosha! Anamwaga gundi ya bure. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hawakuwahi kufika uani kwangu.

Alhamisi, 5 Juni

Mgongo si wangu tena. Nimefyatua matofali themanini kwa siku mbili. Nimeyapanga kivulini, mistari minane, kumikumi. Nimeyatazama mpaka chai ikapoa.

Bwana Vipimo amepita. Akachota chenga kiganjani, akazinusa kama mpishi. Akaniambia kwa upole kwamba jirani, hizi zina sukari, na sukari haiiachi saruji ikashika. Tena akasema ndoo nne ni nyingi, plastiki ni laini, saruji haipati pa kung'ang'ania. Nimemshukuru kwa adabu. Wivu naujua hata ukivaa miwani.

Ijumaa, 6 Juni

Matofali bado mabichi. Ya Bwana Vipimo yakilala usiku mmoja, asubuhi unayabeba. Yangu hayana papara. Haraka haraka haina baraka.

Jumapili, 8 Juni

Bado mabichi. Na sisimizi wamekuja.

Wametoka jikoni, wakapita chini ya mlango, wakakata uani moja kwa moja hadi mstari wa kwanza. Sukari yetu ya chai wameipita bila kuigusa. Nimewafagia. Wamerudi na ndugu zao. Mke wangu ameniuliza ni lini niliwahi kuona sisimizi wakila ukuta. Nimemjibu kwamba mdudu hawezi kudanganywa, kizuri anakijua.

Jumanne, 10 Juni

Naandika haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Mama mkwe alikuja kuona ujenzi. Nilikwisha kugeuka kwenda kumletea kiti, ndipo akili ikanituma vingine. Nikamwambia karibu mama, keti hapo kwenye tofali, ni imara kuliko kiti chochote cha nyumba hii. Mama mkwe ni mwanamke wa heshima zake na wa kilo zake. Akaketi.

Tofali likampokea taratibu. Alikuwa anashuka tu. Mimi nikawa natabasamu, kwa kuwa sikujua la kufanya. Tulimwinua watu watatu. Tofali likabaki na umbo la mama mkwe, gauni likabaki na chenga, na sisimizi kadhaa wakaondoka naye. Akasema mwanangu, nimeketia mengi maishani, lakini hili ndilo la kwanza kunikumbatia.

Nilimtazama mke wangu nikitaraji acheke. Hakucheka. Aliingia chumbani, nikasikia futi ya kushonea ikivutwa. Alikuwa anapima kama vyerehani vitaenea chini ya kitanda. Akikosa chumba, oda ya sare inarudi shuleni, na miaka kumi aliyoshona viraka vya watu itafuatwa na mingine kumi ya viraka. Nimeona aibu. Aibu ya kweli, si ile ya kuonyesha watu.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la mwisho: jua. Nimeyaanika yote themanini. Kufikia saa sita yamepasuka. Nikiinua tofali, nusu inakuja na nusu inabaki. Nyuki nao wamefika.

Mke wangu amevuka uzio bila kuniaga. Amerudi na Bwana Vipimo. Matofali yaliyokomaa anayo, ataanza kesho, na mke wangu atawashonea vibarua wake ovaroli. Bwana Vipimo hakunicheka hata kidogo. Ingekuwa nafuu kama angenicheka.

Alhamisi, 19 Juni

Chumba kimesimama, na paa juu. Nimeusukuma ukuta kwa bega watu wakiwa hawaoni. Bega linauma. Mke wangu anapima dirisha kwa ajili ya pazia huku akiimba, na sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba. Jumamosi anahamia.

Vimebaki vidato viwili vya kupandia mlangoni. Bwana Vipimo ameniachia hivyo mimi, chini ya uangalizi wake. Nitumie chenga zangu zilizosalia, ndoo moja kwa tisa, lakini nizioshe kwanza hadi sukari yote itoke. Amerudia mara tatu kama anaongea na mtoto. Nimekiri mbele ya mke wangu na mama mkwe kwamba nilikosea. Nimejifunza. Adui ni sukari. Naiandika hapa nisije nikasahau.

Jumatatu, 23 Juni

Vyerehani vinalia chumbani tangu asubuhi. Sare ishirini tayari.

Nami nimeosha chenga. Bwana Vipimo alisema maji mengi tu, lakini nani anaoga kwa maji matupu? Nimetia sabuni ya unga, pakiti mbili. Povu mpaka magotini. Kusuuza nimeacha. Kusuuza ni kumwaga sabuni ya bure. Isitoshe, vidato vitanukia.

Tumeanza kukoroga saa nane. Ndoo moja kwa tisa, kama nilivyoahidi. Bwana Vipimo akasimamisha koleo, akainama, akauliza kwa nini zege linafura. Nimemtuliza. Nimemwambia hilo ni povu tu, sukari hamna hata chembe.

Mama mkwe anakuja kesho kutwa. Nimempelekea salamu kwamba safari hii akanyage bila wasiwasi.