Malalamiko Juu ya Nesi Anayeuliza Habari Halafu Anangoja

Muaither, Doha
Jumanne

Kwa Mwenyekiti Cornelius,
Umoja wa Wakenya wa Jengo Letu.

Mwenyekiti mwanangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikijua uko salama, maana hapa Doha sijawahi kukutana na mtu ambaye hayuko salama. Ni mimi Mzee Kioko, dereva wa miaka ishirini na saba, yule aliyeendesha kutoka mjini mpaka Wakrah siku ya vumbi bila kuona hata usukani, akifuata harufu ya samaki tu, na akaegesha katikati ya mistari. Shule sijui, lakini kulalamika najua.

Nasikia Ijumaa mnakaa kikao juu ya mjukuu wangu Bella, wa miaka kumi na tano, yule mwizi wa viatu. Mkikubaliana, mama yake Olivia itabidi amrudishe Machakos akanyooshwe, kabla mwenye jengo hajaita polisi. Naunga mkono. Viatu ishirini na tatu chini ya kitanda, vyote vimetoka kwa milango ya majirani, vyote vya mguu wa kushoto, na chako cha kanisani kikiwa juu kabisa. Najua ulienda ibada na ndala, mtu wa cheo chako. Mwizi ni mwizi. Shida ni kwamba kuna mtu anatuharibia kesi, naye ni Kerubo, nesi wa kliniki ya vijana. Malalamiko yangu ni haya.

1. Alimwuliza Bella, "Habari yako?" Bella akajibu, "Nzuri," vile tulivyomlea. Hapo kwa watu wenye adabu mambo huisha, khalas, kila mtu anaenda kazini. Huyu nesi hakuenda. Alivuta kiti, akakaa, akangoja. Dakika kumi nzima, niliziangalia kwa saa ya ukutani. Mtoto akaanza kulia. Sasa nani alimliza? Sisi tumekaa naye mwaka mzima, usingizi halali, chakula hali, lakini hajalia hata siku moja, na salamu anajibu vizuri sana.

2. Alimwuliza kwa nini viatu. Hata sisi tulimwuliza, lakini sisi tulitumia mshipi, na mshipi haungoji jibu. Bella akamwambia, "Mtu akikosa kiatu hawezi kwenda. Nilitaka watu wabaki." Baba yake alirudi Kenya akanyamaza, mama yake yuko shifti siku sita kwa wiki. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwa babu wa mwizi, sasa napewa mtoto anayeogopa kuachwa. Huyo nitamnyoosha kutoka upande gani?

3. Akasema ni ugonjwa, una jina na una matibabu. Nikamwambia sawa nesi, basi nipe neno kwamba wagonjwa wa akili wote ni wezi, nifunge mlango wangu nilale. Akanikatalia mchana kweupe. "Hapana, Mzee. Wengi wao hawajawahi kugusa kitu cha mtu. Na wezi wengi akili zao ni timamu kabisa." Unaona vile anatuchanganya? Tulikuwa tumepanga vizuri, wenye wazimu upande huu, wahalifu upande ule, na sisi wazuri katikati. Halafu akaongeza, "Viatu arudishe, aombe msamaha mlango kwa mlango. Na atibiwe." Yote mawili, kwa mtoto mmoja.

4. Anadharau mshipi, na mimi ushahidi wa mshipi ninao. Ndugu yangu Maurice, akiwa na miaka kumi na sita, aliiba baiskeli ya mwalimu akaitupa kisimani. Ukimwuliza sababu anaangalia ukuta. Hatukuita nesi. Baba alimnyoosha Jumatatu, chifu akamnyoosha Jumatano, na mimi mkubwa wake nikamalizia. Akanyooka. Hakuiba tena hata sindano. Kuongea pia aliacha. Kila asubuhi tukimwuliza habari anasema nzuri, na asubuhi ile ya mwisho alisema nzuri. Kaburi lake ndilo limenyooka kuliko yote pale nyumbani. Nililipima mwenyewe kwa kamba.

5. Leo ni Bella, kesho ni mlinzi wa geti, keshokutwa ni mwenyekiti. Tukianza kungoja majibu ya salamu, basi za kazini zitaondoka saa ngapi? Vitanda vya hoteli vitatandikwa na nani, wakati watu wote wamekaa kwa viti wakisikilizana?

Kwa hivyo naomba kikao kipitishe kwamba jibu la "nzuri" liwe la mwisho na lisikatiwe rufaa; kwamba anayevuta kiti baada ya kusalimu anyang'anywe hicho kiti; na kwamba kijana yeyote mwenye shida apandishwe ndege haraka, kabla hatujajua ni shida gani.

Ni mimi niliyelalamika kwa adabu,
Mzee Kioko.

Nisalimie mama watoto, kijana wako Levis, watu wote wa ghorofa ya tatu, na yule jirani anayekaanga vitunguu tangu alfajiri.

Nimesahau kitu. Kikaoni sitafika. Ijumaa saa tisa mchana nampeleka Bella kwa Kerubo, itakuwa mara ya nne, na pasi yake iko mfukoni mwangu, kwa hivyo habari ya ndege msijisumbue kuiandika. Wiki iliyopita mtoto alilala usiku tatu mfululizo. Mimi pia nesi aliniuliza habari, nikasema nzuri, akavuta kile kiti. Bella alinisubiri nje saa nzima.

Kiatu chako amekipiga rangi, atakileta mwenyewe na maneno yake. Lakini kuna jambo ameniomba nikuulize, maana viatu vya jengo hili anavijua kuliko wenyewe. Anasema raba za Levis hazijasogea mlangoni kwenu, hii ni wiki ya tatu. Nikamwambia Levis hana neno, nilimsalimia kupitia mlango akanijibu nzuri. Bella akavuta kiti.

Gari lina nafasi nyuma. Nitapiga honi saa nane na nusu.