Amri ya Kulishwa na Mkwe

Kwa idhini ya Serikali Tukufu ya Kaizari, natangaza kwamba njaa ya wazee katika hospitali yetu ya ufukweni imekomeshwa. Imekomeshwa kwa amri, saa nne asubuhi. Mimi karani ndiye niliyeinakili, nakala sita bila doa.

Bwana Daktari aliwapima wazee kwa mizani akakuta mifupa mitupu. Mzee Anyosisye hakufikia hata gunia la mpunga. Bwana akaamuru: kila mzee alishwe na mke wa mwanawe, na si mtu mwingine yeyote.

Sasa, kwetu Unyakyusa mkwe hamtazami baba mkwe usoni, wala hamtaji jina. Akimwona njiani, anaingia migombani. Nilijua hilo tangu utotoni. Lakini Bwana hakuniuliza, na karani hujibu alichoulizwa.

Siku ya kwanza Neli, mkwe wa Anyosisye, alileta ndizi na maziwa ya mgando. Alipomwona mzee kitandani, alitua bakuli mlangoni, huyoo, mbio. Mzee akajifunika blanketi gubigubi. Inzi wakala. Nikaandika: "Chakula kimewasilishwa."

Siku ya tano Neli akamshika mkono Rut, mkwe wa mzee Mika wa chumba cha pili.

"Dada, yule mzee wangu atakufa kwa heshima."

"Basi nimlishe wako, nawe umlishe wangu. Kuna kazi gani hapo?"

Hapakuwa na kazi. Wazee walikula mpaka wakalamba vijiko. Bwana akawafuma, akaona majina hayalingani na daftari, akawafukuza wanawake wote wawili. Anyosisye akarudi kulala njaa, hata kugeuka kitandani akashindwa. Niliumia, ila daftari likakaa sawa.

Wiki iliyofuata homa ikamwangusha Bwana mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na minane. Akaomba supu.

"Mkweo yuko wapi, Bwana?" nikamuuliza.

"Hamburg."

"Basi nitamwandikia."

Nikaandika kwa Kijerumani changu cha misheni, barua ikaondoka na meli. Mpishi wake alileta supu, nikamzuia mlangoni, kwa kuwa hakuwa mke wa mtu.

Siku ya tatu Bwana akamwona Neli nje ya dirisha. "Mama, nipe kidogo."

"Ningekupa, Bwana. Lakini mimi ni mkwe wa yule mzee wa chumba cha kwanza. Futa amri, tule wote."

Akafuta. Rut akamlisha Anyosisye mabakuli mawili. "Ndaga fijo, mwanangu," mzee akashukuru. Bwana alilishwa mwisho, ukoko. Kusema kweli, nilifurahi.

Baada ya miezi minne jibu likaja. Mama yule wa Hamburg aliandika kwamba tangu aolewe hajaweza kumtazama baba mkwe usoni, na akisikia sauti yake tu hutorokea mlango wa jikoni. Nilimsomea Bwana neno kwa neno, mbele ya wagonjwa.

Mzee Anyosisye akainamisha kichwa kwa heshima. "Mwanao alioa vizuri, Bwana. Huyo amefunzwa adabu."