Mguu Haujambo, Namshukuru Mungu

Jumatatu, 4 Machi

Shajara yangu mpendwa, pokea salamu zangu za heri, na uniwie radhi kwa ukimya wa majuma mawili. Kalamu ilibiringika uvunguni mwa kitanda. Sikuweza kuinama, goti la kushoto halikunjiki tangu nianguke bafuni. Leo binti yangu ameitoa kwa ufagio, na hakufagia kimya. Amesema nikikosa posho ya ulemavu, mwisho wa mwezi nahamia kwake. Kwa mkwe! Mtu anayefungulia redio tangu alfajiri na kuniita mzee kijana. Posho ingemlipa mtu wa kunisaidia kuoga na kupanda ngazi. Ningebaki hapa, kando ya kiti cha marehemu mke wangu. Sharti niipate.

Jumanne, 5 Machi

Kinyozi mstaafu, jirani wa chini, aliipata posho yake kwa ombi la kwanza. Hachoki kunikumbusha. Amenishauri, bila kuombwa, nieleze siku yangu mbaya kuliko zote, nisione haya: mficha uchi hazai. Methali ya kumtajia mgane! Nimemshukuru kwa adabu. Mapadri wa shule yetu walitufunza kutowachosha wakubwa kwa malalamiko. Kwenye fomu ya posho, penye swali la ngazi, nimejibu kwamba napanda, kwa neema ya Mungu. Kwamba napanda kwa makalio, kinyumenyume, si jambo la kuiandikia serikali.

Alhamisi, 7 Machi

Mbinu mpya! Nimeazima magongo ya Kinyozi kwa ajili ya uchunguzi wa daktari wa posho kesho. Amecheka hadi akakohoa: ati ndiyo mara ya kwanza kuona mlemavu akiazima ulemavu. Akaongeza nisinyoe ndevu wala nisivae tai. Husuda tu. Nimenyoa. Tai nimeipiga pasi mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari ni binti mdogo, mwenye staha. Akaniuliza hali. Njema, sijui yeye na wazazi wake? Mguu? Haujambo. Maumivu? Ya kawaida tu, mwanangu, usijisumbue. Mara kalamu yake ikaanguka. Mwenyeji wangu ainame nami nikitazama? Hasha! Nilifikaje sakafuni, sijui. Wakati wa kuinuka niliona nyota mchana, nikatabasamu. Magongo? Nilikuwa nimempa mama mmoja koridoni aliyekuwa akiguna kwa maumivu.

Nilirudi nimelazwa kiti cha nyuma cha teksi. Nadhani nimewapendeza.

Jumatano, 20 Machi

Ombi limekataliwa. Mwombaji ni mchangamfu, hatumii magongo, huokota vitu bila shida.

Binti yangu ameleta masanduku mawili. Alilia kidogo, akauliza kwa nini baba yake hamwambii mtu yeyote kwamba anaumia. Nikamjibu siumii sana. Kinyozi alipanda kunipa pole, wala hakunitania. Hilo liliniuma kuliko goti. Amesema rufaa bado ipo, ila safari hii niwaambie ukweli wa zile ngazi.

Alhamisi, 21 Machi

Rufaa imeandikwa, na imependeza! Salamu ukurasa mzima. Kisha shukrani kwa kunikatalia upesi. Mwisho kabisa, kwa ujasiri usio wa kawaida yangu, nimekiri kwamba siwezi kutembea hata kufika dukani.

Kinyozi amejitolea kuipeleka. Nimemwomba radhi, barua ya heshima haipelekwi na mtu aliyevaa kandambili. Mchukuzi wake nitakuwa mimi mwenyewe, kesho asubuhi, kwa miguu, nimevaa tai. Nitamkabidhi yule daktari mkononi, nikiwa nimesimama wima.