Mfumo Umemwoza Mama

Jumanne, 8 Aprili 2025

Samahani, shajara yangu. Sijakushika tangu kabla ya Ramadhani. Nivumilie, mwenzio nanyonywa. Abuu katimiza miaka miwili na bado ananing'ang'ania kifuani usiku kucha kama kupe. Nimepaka shubiri. Kaifuta kwa ncha ya kanga yangu, kanitazama kwa huruma, kaendelea.

Mama anasema nimpeleke kwake Fukayosi. Nikae naye siku mbili azoee, kisha nitoroke. Wiki moja bila kuniona, atasahau ziwa. Mama mwenyewe hawezi kuja, mahindi yake yanaliwa na ngedere. Mume wangu yuko kazini Saadani, na msaada wake ni kuuliza kwenye simu kama mtoto kalala.

Leo nikamwomba ruhusa Bi Sophia, mwenye duka letu la kukodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli. Akasema mwanangu, Mfunguo Mosi huu, kila nyumba ina harusi, ruhusa nitaitoa wapi? Tena siku hizi mtu haendi anakotaka, anakwenda anakopangiwa na mfumo.

Mfumo! Katuwekea kwenye simu mwezi uliopita. Unaandika shughuli moja tu, wenyewe unazaa kazi: mpigie mteja, hesabu viti, pakia gari. Kila kazi na jina la mtu wake. Usipoifanya inageuka nyekundu na simu inalia. Za Adila, mwenzangu wa mapambo, zote kijani. Zangu kama mche wa pilipili. Leo kaniuliza mbele ya wateja kama na simu nimeizaa mie, mbona hainyamazi.

Anakopangiwa na mfumo, ati? Haya!

Jumatano, 9 Aprili

Nimepata njia. Shughuli ikiwa mbali, msimamizi hulala hukohuko mpaka vyombo virudi. Basi Fukayosi iwe na shughuli!

Adila alipokwenda kuswali nikafungua mfumo. Mteja: Mwanabaraka, yaani Mama. Msimamizi: mie. Aina ya shughuli? Hitma, naogopa kumchulia Mama. Maulidi, siwezi kumsingizia Mtume. Unyago, nyumbani hakuna mwari. Ikabaki harusi. Harusi haina dhambi.

Nikaandika viti ishirini. Mfumo ukakataa, harusi ni kuanzia mia na hamsini. Sawa, baba, weka. Nikishafika nitasema imeahirishwa. Nikabonyeza. Kazi zikamwagika kwenye kila simu! Adila kapangiwa kupamba kiti cha bibi harusi asiyekuwepo. Nimecheka mpaka nikatoka nje.

Alhamisi, 10 Aprili

Balaa. Kumbe mfumo humpelekea mteja ujumbe wenyewe, na namba niliyoweka ni ya Mama kweli. Hongera kwa harusi yako, viti vinakuja kesho. Mama hakuwa na miwani. Kampa Mize wa dukani amsomee. Mize kausoma kwa sauti ya mnadani.

Mama kanipigia. Kaniuliza, yeye mjane mwaka wa sita huu, anaolewa na nani, na kwa nini awe wa mwisho kuambiwa. Nikasema mtandao unakatika. Nikaukata.

Kapiga tena. Safari hii sauti imeshuka. Mzee Mwishehe, jirani anayemsaidia kufukuza ngedere, kaja kusimama mlangoni. Kukaa kakataa, maji kakataa. Kauliza tu huyo mwanamume ni nani, na kamzidi nini.

Masikini Mzee Mwishehe!

Nikataka kuifuta shughuli. Mfumo ukasema kufuta ni kwa idhini ya Bi Sophia, andika sababu. Nikaiandika. Nikaisoma. Ukweli ule ukimfikia, kazi sina, na mtoto akishaacha ziwa, maziwa ya kopo nitayatoa wapi? Nikafuta sababu. Shughuli nikaiacha.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefika. Mikdad dereva, Adila na maua yake mbele, mie nyuma kati ya viti na Abuu mapajani. Kijiji kizima barabarani. Vigelegele! Mama mlangoni, mikono kiunoni. Shikamoo yangu haikujibiwa.

Nikamvuta chumbani, nikamweleza yote. Kanifinya pajani kama nina miaka tisa. Kasema mtoto mwerevu angepanda tu basi la Msata. Nikamwambia basi halina ruhusa ya Bi Sophia. Kanifinya tena.

Mara hodi. Mzee Mwishehe, kanzu imepigwa pasi, na kaka yake pembeni. Kasema turubai lipo, viti vipo, watu wapo, na bwana harusi hakuna aliyemwona. Basi kama nafasi haijajazwa, yeye anaiomba. Kaiomba miaka miwili kimoyomoyo, leo anaiomba kwa mdomo.

Mama kamwambia arudi kesho, hajibiwi mtu mtoto analia. Lakini kanga kaibadilisha. Nimeona.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama kaolewa! Baada ya Adhuhuri, Mjomba Amin akiwa walii wa kumwoza. Mvua ikashuka yote, turubai halikuvuja. Mzee Mwishehe kalipa kila kitu mwenyewe, meno yote nje. Adila kamtia Mama asumini kichwani, ana mkono mwepesi. Sitamwambia. Nimelia, Mama kaniambia niache kumharibia wanja.

Jioni nikamkabidhi Mama kifurushi cha Abuu, nguo na kikombe. Kanitazama kama nimetema mate msikitini. Kasema bibi harusi yumo fungateni, siku saba hatoki wala haingiliwi chumbani, sembuse na mtoto anayelilia ziwa! Nikamkumbusha, Mama, harusi hii nimeitunga mie. Kasema mwenye kutunga harusi angekumbuka na fungate.

Kambusu Abuu. Kafunga mlango.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumerudi, mie na kupe wangu. Kanyonya njia nzima, Mikdad anajifanya anatazama mashamba.

Bi Sophia kanisifu mbele ya wote. Mteja mpya, tena Fukayosi, tena kalipa papo hapo! Mfumo umenipa nyota. Adila kasema kwa sauti ya chini kwamba bibi harusi na mie tumefanana pua. Nikamwambia watu wa pwani wote ni ndugu.

Fungate inakwisha Jumamosi. Na mie si mjinga wa kurudia kosa. Namba ya Mama sikuiweka. Nimeweka ya Mzee Mwishehe.

Shughuli: kumtoa bibi harusi fungateni. Mahali: Fukayosi. Vya kupelekwa:

Viti mia na hamsini, vya kurudi.

Turubai moja, la kurudi.

Sufuria mbili za pilau na mwiko wake, za kurudi.

Maua, na Adila wa kuyapanga, arudi siku hiyohiyo.

Msimamizi mmoja, alale siku mbili, arudi.

Mtoto mmoja, wa kubaki.