Asilimia Sitini na Moja

Jumatatu, 1 Februari 1999
Siku kubwa! Bosi wetu Gelle ametangaza: programu mpya ya chanjo ya mifugo iko kwenye kompyuta ya makao makuu, Nairobi, na lazima ivutwe kwa laini ya simu hadi hapa Garissa. Atakayeifikisha kabla ya Alhamisi saa sita atapewa meza ya kompyuta. Mwingine atahamishiwa Diff, mpakani. Tuko wawili: mimi na Ramlo, mpiga taipu. Maskini Ramlo. Nimemshauri aanze kufunga virago.

Saa nane nikaanza. Modemu ikalia vizuri. Asilimia 61, kimya. Laini imekatika.

Nikafuta kipande kilichokwisha kuingia, nikapanguza kioo, nikaanza tena kutoka sifuri. Ramlo akauliza kwa nini nisiendelee pale nilipofika. Nikamweleza kwamba hata udhu ukitenguka, huendelei na mguu uliobaki. Akasema, walaal, ndugu yangu Hanad, faili haiswali.

Jumanne, 2 Februari
Majaribio matatu. Yote yamekufa kwenye 61. Mara ya tatu nikainua simu. Hakuna mlio. Kuna pumzi. Kisha sauti ya mama mzee, karibu mno, ikatoa salamu: Assalamu aleikum. Ikangoja. Nyuma yake upepo, na kengele za ngamia.

Nikakata.

Ni Ramlo, bila shaka! Simu ya pili imo katika chumba cha marehemu Awil, karani wetu wa zamani, kilichofungwa tangu mwaka jana. Ameiba ufunguo! Nikageuka. Ramlo alikuwa nyuma yangu, anakula sambusa.

Basi ana mshirika.

Jumatano, 3 Februari
Gelle amenipa ufunguo. Chumba cha Awil: vumbi sakafuni, hakuna unyayo hata mmoja. Waya wa simu umeliwa na mchwa, haufiki ukutani. Nikaiweka simu sikioni, kwa uchunguzi tu. Sauti ikatoa salamu. Kisha ikauliza kama huku mvua imenyesha.

Nilitoka upesi. Kiatu kimoja kimebaki ndani.

Saa tisa, zamu ya Ramlo. Kwenye 61, kimya kilekile. Akainua simu, akasikiliza, akajibu, wa aleikum salaam! Akamwita eeddo, kama shangazi yake wa damu. Hapana, mvua bado. Watoto wazima. Atupishe kidogo, tuna kazi. Kisha akanigeukia: siku mbili nimemwacha mtu mzima na salamu yake mdomoni, hata ng'ombe wana adabu kunishinda.

Akaunganisha upya. Hakufuta kitu. Faili ikaendelea kutoka 61! Nywele zilinisimama. Kwenye 94 stima ikapotea. Akabandika karatasi kwenye kioo: USIGUSE.

Alhamisi, 4 Februari
Nimefika saa moja, kabla ya wote. Kipande cha Ramlo kimo ndani, asilimia 94. Kimekatika mara mbili! Na mara moja kimeombewa njia kwa mtu asiyekuwepo! Chanjo ya mifugo ya wilaya nzima haiwezi kutegemea kitu cha namna hiyo.

Nikakifuta. Nikaanza safi. Asilimia 61. Kimya. Salamu. Nikakata.

Saa sita Gelle aliingia, akasoma karatasi ya Ramlo, akanitazama. Akauliza kama nina kofia pana, maana jua la Diff si mchezo.

Jumamosi, 6 Februari
Lori linaondoka Jumatatu. Ramlo amemaliza faili yote jana, na anakalia kiti ambacho kwa haki ni changu. Nilipoingia kuchukua kalamu zangu alikuwa kwenye simu. Ndiyo, eeddo, Jumatatu. Ndiyo, peke yake. Akashusha simu, akaniambia mama anafurahi sana kwamba mimi nakwenda kwao, na anauliza kama safari hii nitajibu.

Upuuzi. Mtu hajajitambulisha, nimjibu nini? Tena Diff hakuna simu, ni redio tu, na redio ina kitufe cha kuzima.

Nimemwachia Ramlo mwongozo ukutani, hatua tisa, kwa herufi kubwa. Hatua ya kwanza: futa kila kitu.