Gesi ya Magugu Mbele ya Mama Mkwe

Jamaa, leo uso wangu nimeuacha Luanda Kotieno, pale feri zinapotia nanga. Atakayeuona anihifadhie.

Mnaijua pikapu yangu na ile gesi. Kwa wasiojua: navundika magugu ya ziwani kwenye pipa mpaka yatoe gesi, kisha naongeza haidrojeni ninayoitoa kwenye maji kwa betri ya gari. Mchanganyiko huo unaungua vizuri, hauna moshi. Naujaza kwenye tyubu za lori nyuma ya pikapu, na bomba linapita chini ya kiti hadi kwenye injini. (Fundi ni mimi. Kumbukeni hilo.)

Mama mkwe hajawahi kunikubali. Kwake yeye, bintiye Akinyi ameolewa na mtu anayeozesha takataka. Kwa hiyo aliposema anataka kuwahi feri ya Mbita akamwone dada yake mgonjwa, nilijitolea haraka. Leo angeona mwenyewe.

Tulitoka kwake Asembo Bay kwa petroli. Akinyi alikaa katikati, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani, wala hawasemeshani ovyo. Tulipokaribia ziwa nikafungulia gesi. Gari likatulia, nyuma hakuna moshi hata kidogo. Nikatabasamu peke yangu.

Halafu harufu ikaja.

Magugu yaliyooza hunuka kama yai viza, na bomba lilikuwa limechomoka chini ya kiti. Upande wangu. Akinyi akanitazama. Mama akashusha kioo polepole, akageukia nje. Ningesema nini? Mambo ya tumbo hayatajwi mbele ya mama mkwe. Nikakaza macho barabarani kama mtu asiye na pua.

Ndipo Mama akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa sigara na kiberiti. (Wamama wetu wa ziwani huvuta, mnawajua.)

Nilikanyaga breki, nikapita juu ya mke wangu, nikamnyang'anya kile kiberiti. Ndiyo, nimemshika mama mkwe mkono. Na nikampigia kelele: "Mama, usiwashe! Tutaungua!"

Mama akaniangalia mimi, akaangalia kiti changu, akamgeukia bintiye.

"Akinyi. Ya bwana yako inashika moto?"

Akinyi alijaribu kueleza, kicheko kikamziba. Mimi nilishuka, nikafunga gesi, tukafungua milango mpaka harufu ikaisha. Tukaendelea kwa petroli.

Baada ya kitambo Mama akasema, macho yakiwa mbele, "Akinyi, ambia yeye asisikie aibu. Hata baba yako tumbo ilikuwa inamsumbua hivyo. Nilivumilia."

Tulipofika, wauza samaki wakamzunguka. Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ni nyathina. Yeye ndiye amenileta."

Mtoto wake. Miaka yote hiyo nilikuwa "yule wa magugu". Machozi yalinilenga, siwafichi. Kisha akamkabidhi Akinyi kifurushi cha mizizi: ichemshwe, ninywe asubuhi na jioni, tumbo litulie.

Namshukuru Mungu tumerudi salama, na Mama amevuka. Ukweli wa bomba sitamwambia. Kikombe cha kwanza nimeshakunywa, ni kichungu ajabu, na hiyo mizizi nitaimaliza yote.