Uzambalatishwaji wa Kibanda cha Shangazi

Taarifa ya habari ya asubuhi huwa haisikilizwi kijiweni kwa Shangazi, maana kila anayekaa pale amekuja na habari zake mwenyewe na za redio anaziona zimepoa. Lakini siku hiyo kinyozi, ambaye wote wanamwita Wembe, alisikia kitu kikamfanya apaliwe na kahawa mpaka machozi yakamtoka.

"...vibanda vyote vya kando ya barabara," mtangazaji alikuwa anasema, "vitafanyiwa uzambalatishwaji wa haraka. Hayo yamesemwa na afisa maendeleo wa mji."

Gundi, fundi viatu, aliacha sindano imekwama kwenye soli. "Lo! Neno la Wembe hilo! Limeingia redioni!"

Kijiwe hicho, ili tuelewane, kina vikombe vingi visivyo na mkono, na kimoja tu chenye kisahani. Hicho hugombewa. Anayeleta neno refu, gumu, ambalo wenzake hawalijui, neno lake huandikwa kwa chaki juu ya ubao wa bei, naye hunywea kisahani mpaka atokee wa kumpindua. Miaka nenda rudi kisahani kilikuwa cha Mzee Kwamujibu, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata akiomba sukari huanza na "kwa mujibu wa". Alitawala kwa usanisinuru, akaendelea kwa ung'amuzibwete. Gundi alijaribu kumng'oa kwa kishikwambi, akazomewa, kwa kuwa mjukuu wa Shangazi anacho na hukichezea kila siku mbele yao.

Wembe alipochoka kunyanyaswa, akalitunga la kwake papo hapo, mashine ikilia zzz kisogoni mwa mteja. Alipolitamka kijiweni, watu wote kimya. Nani aulize maana aonekane hajui? Kwamujibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa: "Aah, hilo tulilitumia sana mahakamani." Kisahani kikahama.

Ingeishia hapo ingekuwa salama. Kesho yake akaja kunyolewa yule afisa maendeleo, ambaye mtaani anaitwa Mikakati kwa sababu hawezi kuvuta pumzi bila kuitaja. Alilalamika hotuba yake haina uzito. Wembe, kichwa kimemvimba kwa sifa za kisahani, akamgawia neno bure kabisa. Na sasa limerudi kwa njia ya redio, limekuja kumtafuta shangazi yake.

Maana Shangazi huyo ni wa kwake wa damu, dada wa baba yake. Ni kibanda hicho kilichomlea, kikamsomesha, kikamnunulia mashine ya kwanza ya kunyolea.

"Wembe," Shangazi akaliweka birika chini, na birika la Shangazi haliwekwi chini hivihivi. "Neno ni lako. Niambie kwa lugha ya watu: kibanda changu wanakivunja?"

"Wanavunja," Gundi akadakia. "Wakitaka kukupa kitu wanasema 'chukua', basi. Wakitaka kukunyang'anya ndiyo utasikia uboreshaji, uhamishaji, uwezeshwaji. Neno likirefuka hivyo, mama, anza kufunga vyombo."

"Acha kumtisha mtu," Kwamujibu akakohoa kidogo, kama yuko mbele ya hakimu. "Kwa mujibu wa utaratibu, uzambalatishwaji uko wa aina mbili. Kuna wa awali na kuna wa kudumu."

"Tofauti yake nini, mzee?" Shangazi akauliza.

"Wa kudumu unadumu."

"Hapo sasa!" Gundi akapiga paja. "Msomi huyu!"

Wembe aliona Shangazi anaanza kweli kufunga vikombe kwenye kitambaa. Akaona bora kisahani kiende.

"Shangazi, sikiliza. Neno hilo halina maana. Nililitunga mimi, kichwani mwangu, mashine ikilia."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

"Ati kalitunga!"

"Kijana, usijitukuze," Kwamujibu akasema kwa hasira ya kweli. "Utunge wewe neno ninalolijua mimi tangu hujazaliwa?"

"Na redio isome kitu ambacho hakipo?" Gundi akauliza. "Redio nzima, yenye mnara?"

"Wallahi nimelitunga!"

"Sema tu hutaki kuniambia, baba," Shangazi akasema. "Umeshakuwa wa kukaa na maafisa. Sisi wa birika tubaki na birika letu."

Hilo lilimchoma Wembe. Akakisukuma kikombe chenye kisahani katikati ya meza, lakini hakuna aliyekigusa. Hakuna aliyethubutu kumpindua mtu aliyesomwa redioni.

Mchana hata haujaingia, Mikakati huyo akatokea, kwa miguu, tai imo mfukoni, jasho linamchuruzika. Akampita kila mtu kama hawaoni, akamvuta Wembe mlangoni mwa chumba chake cha kunyolea, hatua chache tu kutoka kwenye benchi. Benchi zima likainama upande ule.

"Ndugu yangu, lile neno."

"Limefanya nini tena?"

"Wakubwa wamelipenda mno! Wameliundia kamati. Kesho nawasilisha mikakati ya utekelezaji." Akameza mate. "Sasa, kwa kujikumbusha tu, maana yake hasa hasa ni nini?"

Wembe akamtazama. Hivi mtu unatangaza jambo nchi nzima isikie, halafu unakuja kuuliza kwa kinyozi? Kisha akamtazama shangazi yake, amesimama na kitambaa mkononi, hafuti kitu.

"Ni kukiacha kibanda palepale kilipo," akasema taratibu, "na kukiwekea paa jipya."

"Paa?"

"La bati. Bila paa huo si uzambalatishwaji, ni porojo."

"Wa kudumu huo," Kwamujibu akaitikia kutoka kwenye benchi.

"Na mto wa kukalia fundi viatu!" Gundi akapaza sauti. "Usiusahau mto!"

"Mto nao umo?" Mikakati akauliza.

"Umo," akasema Wembe. "Kwenye vipengele vidogo."

Mikakati akaondoka anarukaruka. Alasiri hiyo kijiweni kulikuwa na raha isiyo kifani. Gundi alitaka bati la kijani, Kwamujibu akataka jekundu kwa mujibu wa heshima, na Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Akamjazia Wembe kahawa mwenyewe, kwenye kisahani.

Kesho yake wingu limefunga mji, Mikakati akarudi. Hakunong'ona safari hii. Aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Vipi kamati, bosi?" Wembe akauliza.

"Kamati imekaa." Akajikuna kichwa. "Nimesimama tu kueleza maana, mwenyekiti akanikatiza. Akasema neno hilo analijua tangu chuoni, nisimpotezee muda. Na wajumbe wote wakasema wanalijua."

"Si afadhali? Sasa bati linakuja lini?" Gundi akauliza.

"Mwenyekiti amesema mtaa huu ulishafanyiwa uzambalatishwaji. Mwaka jana. Awamu ya kwanza."

"Ala! Mwaka jana?" Wembe akaruka. "Mwaka jana sikuwa hata nimelitunga!"

"Ripoti ipo. Ina picha."

"Picha ya nini?"

"Ya mwenyekiti, anakata utepe."

Wote wakainua macho. Juu yao paa lilikuwa lilelile, nailoni kuukuu na vipande vya bati vilivyoliwa na kutu, mbingu inachungulia katikati.

"Kwa hiyo paa..."

"Limeshawekwa, mama."

"Na mto wangu?" Gundi akauliza kwa unyonge.

"Umeshaukalia."

Wembe ndiye aliyeuliza lile lililokuwa likimsumbua tangu jana. "Na kuvunja je? Hawaji kuvunja?"

"Wavunje nini? Kazi ya mwenyekiti iliyokamilika?" Mikakati akatazama huku na huku. "Kibanda hiki sasa hakiguswi na mtu. Nani atapitisha matengenezo au bomoabomoa ya kitu kipya kabisa?"

Wembe akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia siku mbili. Ilibidi ageuke pembeni afute macho, akasingizia moshi.

"Niliwaambia," Kwamujibu akasema. "Mwaka jana. Nakumbuka vizuri sana, nilikuwapo."

Radi ikalia. Tone moja zito likapenya nailoni, likatua katikati ya kisahani cha Wembe, ta! Likafuata la pili, likamwangukia Mikakati kwenye utosi uliotoka kunyolewa. Watu wakaanza kunyakua vikombe na viatu wakikimbilia kwa kinyozi, na Shangazi akamsogezea afisa sufuria tupu.

"Shika hapo ukinge, mheshimiwa," akasema. "Paa jipya linavuja."